Dakika Zetu Zilikuwa na Wenyewe

Jumamosi mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa amejilaza kwenye kochi langu, simu ya mamake mkononi, akicheza gemu la mbio za magari. Mimi najifanya nasoma gazeti. Kila akimaliza raundi, gari linatoweka na mahali pake panachukuliwa na tangazo. La kwanza lilikuwa la sabuni. La pili, mikopo ya papo kwa papo. La tatu lilikuwa la kamari: kijana kainua mikono, noti zinammiminikia, na sauti inamhimiza mtoto wa gredi ya nne aweke dau lake leo.

Mtoto wala hakubabaika. Kidole chake kilishaelekea pembeni mwa kioo, kinangoja alama ya kufungia itokee. Nilipomwambia azime, alinijibu kwa ule upole wa kumwelewesha mzee: "Mjomba, lazima liishe ndiyo gemu lipakie. Kwani nyinyi zamani likipakia mlikuwa mwafanya nini?"

Tulikuwa twasubiri. Na kusubiri kwenyewe tulikulipia.

Mliokulia Majengo, Kisauni au Likoni hapa Mombasa mwishoni mwa miaka ya tisini mnalijua lile banda hata nisiposema lilikuwa wapi. Mabati, benchi la mbao, televisheni mbili zenye vichogo virefu na PlayStation ya kijivu chini ya kila moja. Pazia mlangoni ili anayepita njiani asione bure. Shilingi kumi ilikupa robo saa, na robo saa ilihesabiwa kwa saa ya ukutani iliyoning'inia juu ya televisheni, ambayo mwenye banda aliitazama zaidi ya alivyotutazama sisi. Kwake muda ulianza pale sarafu ilipotua kiganjani mwake.

Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa. Sarafu imetua, CD imetiwa, kioo kimekuwa cheusi. Chini kuna maneno ya Kizungu yanayokuambia kwamba gemu linapakiwa, na mashine inanguruma kwa ndani. Ile moja ya upande wa kushoto jicho lake la kusomea CD lilikuwa limechoka, ikabidi iwe inachezewa chali, tumbo juu, ndiyo ikubali kusoma. Unachagua mpiganaji, unasubiri. Unapigana, unapigwa, unasubiri tena. Tukimlilia mwenye banda kwamba muda huo tulikuwa hatuchezi, alikuwa na jibu moja asilolibadilisha: "Stima yala hata ikipakia." Na kweli, mita haikuwa na huruma na watoto.

Gemu letu lilikuwa Tekken 3. Alikuwemo Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoeira, ambaye hata aliyefumba macho akibonyeza vitufe vya mateke ovyo angekuangusha. Wakubwa walipoingia jioni, Eddy alipigwa marufuku. Ukimchagua unanyang'anywa pedi. Alikuwemo King mwenye kichwa cha chui, na Yoshimitsu na upanga wake. Tuliwajua hawa kuliko tulivyowajua mawaziri. Aliyewatengeneza ni Namco, kampuni ya Kijapani iliyoupa ulimwengu Pac-Man mwaka 1980, na jina lake tulilisoma kwa hamu kila lilipojitokeza kwenye kioo, maana lilimaanisha kusubiri kumekaribia kwisha.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba kusubiri kule kulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni Namco huyohuyo.

Gemu la kwanza kabisa la PlayStation kutoka kwao, Ridge Racer, lilitoka Japani mwishoni mwa 1994. Likiwa linapakiwa, mchezaji hakuachwa akitazama giza. Alipewa gemu dogo la zamani, Galaxian, alenge vyombo vya maadui angani hadi magari yawe tayari. Akiwamaliza wote alizawadiwa magari ya ziada. Jambo zuri sana. Mtu pale Namco alimwonea huruma mtoto anayesubiri. Kisha mtu mwingine palepale, nadhani mwenye tai, akaipeleka huruma hiyo kwenye ofisi ya hataza. Maombi yaliingia Marekani Novemba 1995, na Februari 1998 hataza namba 5,718,632 ikatolewa. Maudhui yake, ukiyapunguzia maneno ya kisheria, ni haya: pakia kwanza gemu dogo, mchezaji alicheze, huku gemu kubwa likiendelea kupakiwa nyuma yake. Yeyote atakayefanya hivyo bila idhini atakuwa ameingia shambani kwa Namco.

Hataza ya Marekani huishi miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa. Hii ilikufa Novemba 2015. Sasa piga hesabu za kimaisha, si za kisheria. Karibu enzi yote ya kusubiri diski ilipita ndani ya muda huo: PlayStation ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto aliyekaa benchi la Majengo akiwa na miaka kumi alikuwa na ndevu na kodi ya nyumba kabla watengenezaji wengine hawajaruhusiwa kumpa kitu cha kuchezea akisubiri. Waliokuja na FIFA waliponyoka kidogo. Mnakumbuka, mechi ikipakiwa unapewa mchezaji mmoja na kipa mmoja, upige mashuti mpaka uchoke. Yale yalikuwa mazoezi ya gemu lilelile, na hataza ilizungumzia gemu la pembeni.

Na wala Namco hawakuwa wa kwanza. Miaka ya 1980, kompyuta za Commodore 64 zilisoma magemu kwenye kaseti za kawaida, zile za muziki, na upakiaji ulichukua dakika nyingi. Waingereza wakatia kwenye kaseti hizo programu iliyoitwa Invade-a-Load: unapiga risasi wavamizi kutoka angani huku gemu lako likipakiwa. Jambo lilelile, karibu muongo mzima kabla. Hataza ikatolewa hivyohivyo. Kuitengua kungedai mtu mwenye mawakili, na mwenye mawakili alikuwa na kazi nyingine.

Nililalamika haya kwa rafiki yangu mmoja, wakili, mtu mwungwana asiyependa kelele. Akaniambia sijaelewa hataza ni nini. Hataza ni mapatano, akasema. Mbunifu anafichua siri yake hadharani ili wengine wajifunze, na jamii inamlipa kwa kumwachia faida peke yake kwa muda. Bila hivyo kila mtu angeficha alichobuni na kikafa naye.

Ni hoja nzito na sitaki kuipuuza. Nikamuuliza tu: hapa ilifichuliwa siri gani? Aliyewasha Ridge Racer aliiona siri yote katika sekunde tano za kwanza. Hakuna mhandisi aliyehitaji kusoma hati ile ili ajue kwamba mtu anayesubiri anaweza kupewa kitu cha kuchezea. Jamii ililipa miaka ishirini kwa siri ambayo mtoto angekueleza akiwa njiani kwenda dukani.

Wapo waliobuni kweli, na hao nawavulia kofia. Gunpei Yokoi wa Nintendo aliona vijiti vya kuchezea ni vikubwa mno kwa kifaa cha kutia mfukoni, akatengeneza kitufe bapa chenye umbo la msalaba, kinachoegemea upande unaokibonyeza. Kilitokea mwaka 1982 kwenye kifaa kidogo cha Donkey Kong, na Nintendo wakakipatia hataza. Kile ni kitu. Unakishika, kina umbo na ufundi chini yake, na aliyetaka kufikia lengo lilelile angeweza kubuni njia yake. Sony walipokuja na PlayStation, kitufe chao kilionekana kama vipande vinne vilivyotengana. Dole gumba langu lina kumbukumbu nacho hadi leo. Hataza ya namna hiyo inamlazimu mwenzako afikirie. Ile ya Namco ilimlazimu mwenzako akae kimya.

Na huu ugonjwa haukufa mwaka 2015. Sega walikuwa na gemu la teksi, Crazy Taxi, lenye mshale mkubwa unaoelea juu ya gari kumwonyesha dereva pa kumpeleka abiria. Walipewa hataza yake Marekani mwaka 2001, na mwaka 2003 wakawashtaki waliotengeneza The Simpsons: Road Rage kwa kuendesha gari kwa mtindo huo. Wakapatana nje ya mahakama. Mwaka 2014 Warner Bros. wakatoa Shadow of Mordor, gemu ambamo adui aliyekushinda anakukumbuka, anapandishwa cheo, na mkikutana tena anakukejeli kwa yaliyopita. Hilo nimelicheza ukubwani na lilinifurahisha kitoto. Februari 2021 mfumo huo ukapewa hataza inayofika 2036. Februari 2025 Warner Bros. wakaifunga Monolith, studio iliyoubuni. Kwa hiyo kwa sasa kuna wazo zuri lenye kufuli, na waliojua kulitumia wamepewa barua za kuachishwa kazi.

Nintendo nao, hawa walionipa Mario, wamo. Septemba 2024, pamoja na The Pokémon Company, walimshtaki mtengenezaji wa gemu la Palworld kule Tokyo kwa kuvunja hataza. Mtu angetarajia kesi iwe juu ya viumbe kufanana, maana Palworld na Pokémon wanafanana sura hata kwa asiye na miwani. Kesi ilikuwa juu ya vitendo. Watengenezaji wakabadilisha gemu lililokuwa tayari mikononi mwa watu: kiumbe aliyekuwa anaitwa kwa kurusha tufe akawa anatokea tu kando yako, na aliyekuwa anakubeba hewani, sasa lazima uwe na kifaa cha kuelea. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2025, Nintendo wakapewa Marekani hataza ya kumwita kiumbe aje akupiganie. Makelele yakawa makubwa kiasi kwamba Novemba mkuu wa ofisi ya hataza mwenyewe, John Squires, akaamuru ikaguliwe upya. Kumwita kiumbe akupiganie! Bibi zetu waliotusimulia majini na pete za bahati wangekuwa mahabusu.

Najua kuna msomaji amekunja uso tangu mwanzo. Anasema: wewe uliyekulia CD za kunakili, kwenye mashine iliyochokonolewa ili isizikatae, leo ndiwe unayetufundisha haki? Swali la halali. Hakuna CD halisi hata moja iliyowahi kuingia banda lile. Zilikuja zimeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Lakini tusichanganye mambo. Aliyenakili Tekken 3 alichukua kazi ya watu, michoro yao, muziki wao, usiku wao wa kukosa usingizi, na hiyo hulindwa na hakimiliki. Siitetei CD ya kunakili. Ninachokataa ni mtu aliyetengeneza gemu la ngumi kudai kwamba ngumi ni yake. Hakimiliki inamwambia jirani, "Usiibe nyumba yangu." Hataza za namna hii zinamwambia asijenge nyumba yenye mlango.

Chukua gemu la nyoka kwenye Nokia, ambalo sidhani yupo mtu mzima Mombasa asiyelicheza. Mfini Taneli Armanto aliliandikia Nokia 6110 mwaka 1997. Nyoka anayerefuka hadi ajigonge hakuanzia kwake. Kampuni ya Gremlin ya Marekani ilishatoa gemu la mabanda liitwalo Blockade mwaka 1976, na baada yake zikaja nakala chungu nzima kwenye kila aina ya kompyuta, kila mtu akiongeza lake. Lau Gremlin wangepewa hati ya kumiliki mstari unaorefuka na wakaishikia fimbo, simu ya mamangu isingekuwa na nyoka, na zile foleni za hospitali ya wilaya tungezikabili mikono mitupu.

Au tuje nyumbani kabisa. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na sheria zake zinawashinda wengi wenye digrii. Kila kizazi kilichokaa barazani kimeongeza kijanja chake. Kesho mtu ajitokeze Mji wa Kale na hati kwamba kutakata, yaani kusogeza kete bila kula, ni mali yake hadi mwaka 2045, asiyemlipa asitakate. Wazee wangemkaribisha akae, wamfunge goli mbili tatu, kisha wamuulize kama ana swali.

"Ni michezo tu," ananiambia mwingine, mwenye haraka. Sivyo. Wakubwa nao walishapitia haya. Amazon walipewa mwaka 1999 hataza ya kununua kwa mbonyezo mmoja, wakaitumia mwaka huohuo kumshtaki muuza vitabu mwenzao, Barnes & Noble, na hataza hiyo ilidumu hadi 2017. Mbonyezo mmoja! Na mwaka 2011 kampuni ya Marekani iitwayo Lodsys, isiyouza programu yoyote, iliwaandikia barua watengenezaji wadogo wa programu za simu ikidai sehemu ya mapato yao, eti kitufe cha kununua kitu ndani ya programu ni chake. Barua moja ilimfikia mtu aliyekuwa Scotland. Hakuwa Marekani, ila programu yake ilikuwa inauzwa huko, na hilo lilitosha.

Ndiyo maana kijana wa Kisauni anayetengeneza gemu kwenye laptopu ya mtumba anapaswa kulijua jambo hili kuliko mimi mwenye kumbukumbu zangu za banda. Sheria yetu ya Mali ya Kiviwanda ya mwaka 2001, kifungu cha 21, inasema bayana kwamba kanuni na mbinu za kucheza michezo hazihesabiwi kuwa uvumbuzi wa kupewa hataza. Ulaya wanasema vivyo hivyo katika mkataba wao wa hataza wa 1973. Hapa nyumbani kijana huyo yuko huru. Akiliweka gemu lake kwenye duka la mtandaoni, nalo likanunuliwa Marekani, amekwisha kuingia kwenye uwanja wa watu wanaomiliki mishale inayoelea.

Nini kifanyike? Mimi si mbunge wala wakili, lakini nina maoni na sitayaficha nyuma ya maswali. Namna ya kucheza isimilikiwe na mtu, kwa miaka ishirini wala kwa miwili. Na hataza ambayo mwenyewe ameacha kuitumia, kama ile ya maadui wenye kumbukumbu, ingefaa ifunguliwe siku studio inapofungwa. Rafiki yangu wakili anasema hilo la pili halitekelezeki. Huenda. Yeye ndiye aliyesomea, na anatoza kwa saa.

Tusijidanganye, lakini, kwamba hataza ya Namco ilipokufa watoto walipewa magemu yao madogo. Wachache walisherehekea: mwishoni mwa 2015 watengenezaji wa hiari walifanya tamasha zima la kubuni michezo ya kuchezwa wakati wa kupakia. Baada ya hapo soko likagundua kwamba anayesubiri ni mateka, na mateka huuzwa. Kwa hiyo mpwa wangu anaonyeshwa kamari pale ambapo angeweza kuwa anapiga risasi wavamizi. Hilo halihitaji hataza, linahitaji tu mtu asiyeona haya. Anayepokea pesa za tangazo la kamari na kuliweka ndani ya gemu la magari la watoto anajua anachofanya, na mamlaka zinazosimamia kamari na matangazo nchini zina uwezo wa kumuuliza.

Mwaka 2020, Marekani ilipotangaza malengo yake ya mazungumzo ya biashara na Kenya, ilisema wazi kwamba inataka tuwe na kiwango cha ulinzi wa miliki bunifu kinachofanana na cha sheria zake. Mazungumzo ya namna hiyo huja na kupita, hubadilishwa majina, na huanza tena serikali zinapobadilika. Yeyote atakayetuwakilisha mezani, tunamwomba aende na nakala ya sheria ya 2001 mkobani. Akiombwa alegeze kifungu cha 21, akatae.